Stendi Niliyomnunulia Nusura

Nakumbuka siku moja huko Koboko, baada ya sala ya adhuhuri, shangazi yangu Zubeda alipoazima msumeno kwa seremala jirani akaja kukata miguu ya ubao wa marehemu mama yake mbele ya macho yangu, na mimi nikilia utadhani msiba umerudi nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina hasira, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko ule ubao wenyewe.

Naanzia hapo, mwanangu, maana umekuja na simu yenye picha za stendi kumi na mbili, unataka kununua moja ya kuegemezea skrini yako ya kuchorea, na umeniuliza, "Haboba, nichukue ipi?" Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Wewe hata si damu yangu, lakini umeniita hivyo kwa adabu na nimekupokea. Umefanya vyema kuuliza, kuuliza si ujinga. Ila ujue umemuuliza mtu ambaye stendi imekwisha kumtia aibu. Basi kaa, kunywa chai, nitakujibu kwa njia ndefu. Mwenye haraka na aende akamuulize mwenye duka.

Kwetu bibi harusi haendi kwa mume bila mashuka ya kudarizi. Hata leo wapo wanaoshikilia, lakini enzi zetu ilikuwa lazima: mashuka meupe na foronya zake, na juu yake tausi, maua na majani yaliyoshonwa kwa nyuzi za kila rangi. Kushona wengi walijua. Kumchora yule tausi kabla sindano haijaingia, hilo lilikuwa na wenyewe, na wenyewe tulikuwa sisi. Wanawake walituletea shuka tupu, tukalichora kwa penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilowesha ncha kwa ulimi inaandika kama wino, kisha wakarudi nalo kwao kulishona. Bingwa alikuwa haboba yangu mimi, mama yake Shangazi Zubeda. Walimjia watu kutoka Arua, na wengine walivuka mpaka kutoka Kongo kwa ajili ya shuka moja tu.

Alichorea kwenye ubao wa mvule. Sisi wanawake wa kwetu hufanya kazi chini, kwenye birish, ndio mkeka wetu, miguu tumeinyoosha mbele. Ubao ule ulikuwa na miguu minne mifupi, ukiuweka unavuka mapaja kama daraja, na shuka linatandazwa juu yake. Haboba alikuwa mke wa sajini, mrefu kumpita sajini mwenyewe, na milango mingi ya Koboko aliingia kwa kuinama. Ubao ulikatwa kwa kipimo chake. Alipofariki vitu vyake viligawanywa, na ubao nikapewa mimi kwa sababu mkono wangu ulifanana na wake. Mkono tu, mwanangu. Kimo nilichukua cha upande wa mama, na unaniona mwenyewe.

Nikikaa nyuma ya ubao ule, uso wake ulinifika kifuani. Ili nichore ilinibidi niinue bega, na kiwiko kikae hewani tangu asubuhi hadi alasiri. Mwezi wa kwanza shingo ikakakamaa. Mwezi wa tatu vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi, nikawa navitikisa chini ya kanga ili mtu asinione. Nikanyamaza. Kingekuwa kitu cha dukani ningekitupa uani siku ya pili, lakini kwetu kigoda cha mzee hakikaliwi ovyo, na kikombe chake hakinywewi na kila anayepita. Kuulalamikia ubao wa haboba niliona ni kumlalamikia yeye kaburini. Basi nikawa najisugua mafuta ya simsim, ndiyo ufuta, kwa siri, na nikiulizwa nasema nimelalia shingo vibaya. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kitu kidogo kuliko kifo, lakini aibu yake sijaisahau.

Shuka lilitoka Lobule, na harusi yake ilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Nilikuwa nateremka na shingo ya tausi vidole vilipolala ghafla, penseli ikateleza, na mstari wa zambarau ukapita kutoka kwenye mdomo wa tausi mpaka ukingo wa shuka. Wino ule hautoki. Ukiufua unaenea. Shangazi Zubeda alikuwa anabangua karanga karibu nami, akauona kabla sijaufunika kwa mkono.

"Nani alikufunza kuchora na bega iko ndani ya sikio?" akaniuliza.

"Ubao iko juu, Shangazi."

"Tangu lini iko juu?"

"Tangu nilipewa."

"Na wewe ulinyamaza."

"Iko ubao ya haboba," nikasema. "Nitasema nini?"

 Aliniambia nikae wima, nilegeze mabega, nikunje kiwiko kama mtu anayepokea sahani. Akachukua uzi, akapima kutoka kwenye birish mpaka chini ya kiwiko changu, akaukata uzi pale pale kwa meno. Ndipo akatoka, na aliporudi alikuwa na msumeno. Nilimshika mkono. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii shangazi yake, kwamba yeye hana uchungu na mama yake. Aliniacha nimalize.

"Sasa sikia," akasema. "Mama yangu alikuwa murefu. Alikata hii ubao kwa mwili yake. Kama angekuwa hai, angekata tena kwa mwili yako. Heshima ya mutu haiko katika mguu ya mbao. Na wewe kila siku nakupa chakula, nakuona mzima, kumbe unaumwa. Ukinificha uchungu, unanifanya kipofu katika nyumba yangu."

Akakata. Miguu ya mbali aliipunguza kidogo, ya upande wangu akaipunguza zaidi, ili ubao uniinamie. Nilipoketi tena, kiwiko kilipata pa kulala, na bega likashuka lenyewe bila kuamrishwa. Sikumshukuru siku ile, nilinuna hadi futari ya kesho yake, maana tulikuwa katika funga ya sunna na njaa ilinisaidia kununa. Ule mstari ulioharibika Shangazi aliugeuza shina la mzabibu, akautia majani na vichala, na watu wa Lobule walilipenda shuka lile kuliko yote tuliyowahi kuwachorea.

Ubao huo nilikwenda nao Arua nilipoolewa. Umenisomeshea watoto watatu. Macho yalipoanza kufifia nikaacha kuchora, na kwa kweli sikusikitika sana, kwani mashuka siku hizi yanatoka kiwandani na maua yake tayari. Nilijiona nimefuzu. Nilijiona ni mtu ambaye jambo la mkono, bega na ubao halimpiti tena. Hapo ndipo Mwenyezi Mungu alipoona ni vizuri anikumbushe.

Nusura ni mtoto wa binti yangu, ana miaka ishirini na minne, anaishi nami hapa Arua. Ule mkono ulimruka mama yake, ambaye hata yai hawezi kulichora, ukamwangukia yeye. Alianza na kadi za harusi, akachora na mabango ya saluni, mpaka akaweza kununua skrini yake ya kuchorea, kioo kipana kama sinia, unakichora kwa kalamu isiyo na wino na mchoro unatokea papo hapo chini ya ncha. Mwanzoni nilidhani ananitania. Kisha nikamwona anafuta kosa kwa kugusa mara moja, na nikakumbuka wino wa zambarau, nikaona wivu. Ndiyo, wivu, na umri huu.

Mwaka jana watu wa Kampala wanaotengeneza vitabu vya watoto wanaojifunza kusoma wakampa kitabu kizima akichore, picha ishirini na nne. Ni kitabu chake cha kwanza, na jina lake lingeandikwa ndani. Hakulala kwa furaha, nami nikataka nitie mkono wangu katika jambo hilo. Skrini yake ilikuwa inaegemezwa kwenye mto na debe la biskuti, inateleza kila saa. Nikasema nitamnunulia stendi, na kwa kuwa zawadi ya ghafla ni tamu, sikumuuliza lolote. Nilivaa vizuri nikaenda mjini peke yangu.

Mwenye duka alikuwa kijana mchangamfu. Aliniwekea stendi mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ya chuma kinachong'aa, nzito, pana, imesimama kama marfaa ya kuwekea msahafu, na ilikuwa na vimo viwili tu. Ya pili ilikuwa nyeusi, ina maungio kama miguu ya panzi, na sikuipenda hata kuitazama.

"Inavunjika?" nikauliza kuhusu ile inayong'aa.

"Hapana, mama. Hii iko chuma. Hata ukitwanga karanga juu yake inakaa."

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo inapanda, inashuka, inalala. Lakini iko ya mutu anapenda kuhangaika na skurubu."

Nikacheka, nikasema mjukuu wangu ana kazi, hana nafasi ya kuhangaika. Nikaichukua inayong'aa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilikibeba kidonda changu kwenye boda nikiwa nimekikumbatia. Nilimuuliza yule kijana kama haivunjiki, kama haishiki kutu, kama inaweza kurudishwa. Sikumuuliza inashuka mpaka wapi. Mimi, niliyekatiwa ubao kwa kipimo cha uzi!

Nusura alipoifungua alinibusu mkono, akalia kidogo, akaiweka kwenye birish barazani ambako huchora kila siku, miguu kainyoosha mbele kama tulivyomlea. Skrini ikapanda juu. Ile stendi ilitengenezwa kwa mtu anayekaa kwenye kiti nyuma ya meza pana, naye awe mrefu. Hata kwenye kimo chake cha chini ilimfika Nusura kifuani, imesimama wima, na mkono wake ukawa unachora ukining'inia. Sebuleni kwetu meza ipo moja, na akiiweka hapo skrini inamfika kidevuni. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu na sikuona kitu. Nilichoona ni stendi yangu inavyong'aa. Wageni walipokuja niliwaonyesha.

Miezi ikaenda. Nilimwona akijikanda shingo, nikasema moyoni vijana wa leo ni laini. Nyani haoni kundule, mwanangu, na bibi kizee ndiye nyani mkubwa kuliko wote.

Asubuhi moja aliniletea chai, akanipa kikombe kwa mkono wa kushoto. Wewe umelelewa huku, unajua maana yake. Mzee hapewi kitu kwa kushoto, hata mtoto wa miaka minne anajua. Nilirudisha mkono wangu nyuma nikamtazama.

"Nusura, leo mimi nimekuwa nani kwako?"

"Nisamehe, Haboba."

Akahamishia kikombe mkono wa kulia. Kikatetemeka. Chai ikamwagika kwenye birish, ikamwagika kwenye goti lake, na vidole vikakiachia kikombe kabla sijakifikia. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwezi ya tatu sasa. Daktari ya mifupa anasema nipumzike, nibadilishe namna ya kukaa. Anasema nikiendelea hivi mukono inaweza kukataa kabisa."

"Na kitabu?"

Hapo ndipo alipolia. Zilikuwa zimebaki picha tisa. Usiku alikuwa hawezi hata kushika mswaki, mchana anachora kwa kuuma meno, na sasa ujumbe wa kuwarudishia watu wa Kampala kazi yao ulikuwa umekwisha kuandikwa kwenye simu, bado kubonyezwa tu. Aliutoa akanionyesha. Ulikuwa na adabu sana, na kila mstari wake ulinichoma.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Haboba, stendi iko ya wewe," akasema. "Uliniletea na mukono yako. Unaonyesha wageni. Ningesema nini?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimezika mume na ndugu, lakini maneno yale yalinikalisha. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yametoka kinywani mwa mtoto ambaye hakuwahi kuyasikia. Niliona aibu, nasema wazi. Kisha kicheko kikanijia, kile cha mtu aliyekamatwa, nikacheka mpaka Nusura akaogopa. Nikamsimulia habari ya ubao na msumeno, ambayo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsimulia kwa sababu haikunionyesha mimi vizuri. Tukaufuta ule ujumbe. Badala yake tukaandika mwingine, tukawaambia watu wa Kampala ukweli wa mkono, tukaomba wiki tatu juu ya muda uliobaki. Nusura alikuwa na hakika watakataa. Walijibu kabla ya adhuhuri kwamba wanangoja, na wakamtakia afya.

Wiki ya kwanza hakushika kalamu. Alifanya mazoezi aliyopewa, mimi nikasonga ugali na kuchota maji, na niliyafanya kwa furaha kwa sababu mwenye deni la kosa hafai kukaa. Wiki ya pili tukaanza habari ya stendi, lakini safari hii tulianzia nyumbani. Nilimkalisha kwenye birish, nikamwambia alegeze mabega, akunje kiwiko kama anayepokea sahani. Nikapima kwa uzi. Kisha nikamkalisha kwenye kiti mezani, nikapima tena, maana daktari alimwambia asikae namna moja kutwa nzima, abadilishe, ainuke, atembee. Nyuzi mbili, fundo moja kwa uzi wa chini, mafundo mawili kwa wa mezani. Tukaifunga skrini kwa blanketi, tukapanda boda mbili, yeye kaikumbatia skrini na mimi nimeikumbatia stendi yangu inayong'aa.

Yule kijana wa duka alitukaribisha vizuri. Nilipomwambia kwamba binti huyu ataketi sakafuni dukani kwake na kuchora, alidhani ni mzaha.

"Mama, wateja wanaingia."

"Waingie. Wataruka miguu."

Alitandaza boksi lililofunguliwa. Nusura aliona haya, akajifunika kichwa vizuri, akaketi na kunyoosha miguu katikati ya duka, na waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni kutazama. Stendi ya kwanza aliyoletewa ilikuwa nyembamba, ya kukunjwa, inaingia hata mkobani. Ilishuka vizuri, lakini kila alipokandamiza kalamu skrini ilicheza, na akainua mkono ili asiikandamize. Mkono unaoogopa hauchori. Ya pili ilikaa imara, ila ilikuwa na ngazi tatu tu za kulaza, na ile aliyoihitaji ilikuwa katikati ya ngazi mbili. Kijana akasema atazoea. Nikamwambia mimi nilizoea miezi mitano, namfahamu huyo kuzoea.

Ya tatu ilikuwa ile nyeusi yenye miguu ya panzi. Nusura aliishusha mpaka ikafika kwenye fundo la uzi. Akailaza, akaisimamisha, akailaza tena kidogo, akaifunga kwa mkono wa kushoto bila kuiachia kalamu ya kulia. Ilikuwa na mpira chini ya miguu, haikuteleza hata kwenye boksi. Nyuma yake waya wa skrini ulipata pa kupita bila kubanwa. Kisha ukingo wake wa mbele ulikuwa mfupi, haukumkata mkono, na kiwiko kikalala. Akaanza kuchora kuku. Watu wa mlangoni walitazama kuku. Mimi nilitazama mabega, na mabega yalikuwa chini, yamesahau kwamba yapo.

"Ipandishe sasa iwe ya meza," nikamwambia yule kijana, na tukaipima kwenye kaunta kwa uzi wa mafundo mawili. Ikafika.

"Si nilikuambia, mama?" kijana akasema. "Hii inapanda, inashuka, inalala."

"Uliniambia," nikasema. "Mimi ndiye sikuuliza ni ya nani."

Ile inayong'aa aliichukua kama sehemu ya malipo, na haikukaa dukani wiki mbili. Aliichukua mwalimu mmoja wa Mvara anayechora ramani za nyumba, mtu mrefu mwenye meza pana, na nilipokutana naye sokoni aliniambia hajapata kitu kizuri kama kile. Nilifurahi kwa dhati. Stendi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inamngoja mwenyewe.

Nusura akarudi kwenye picha zake pole pole, mbili kwa wiki, kisha tatu. Ganzi ilichukua muda kuondoka. Kwanza ilitoka kwenye kidole cha pete, cha mwisho kikabaki kinasumbua, kisha siku moja nikamsikia anaimba huku anachora, nikajua. Kitabu kilikwisha. Nakala moja ipo kabatini, nitakuonyesha ukimaliza chai, na watoto wa hapa jirani wamekwisha kuikunja pembe zote.

Sasa nisikilize, nikupe jibu lako. Hizo picha kumi na mbili zizime kwanza. Usinunue stendi ya yule mchoraji unayemtazama kwenye simu, hujui kimo chake wala kiti chake. Keti unavyoketi kila siku, si unavyotaka watu wakuone umeketi. Kama ni birish, iwe birish. Legeza mabega, pima kiwiko chako, na uende dukani na kipimo na skrini yenyewe, uombe kuchora, hata wakucheke. Tafuta inayoshuka hadi kwako na kupanda hadi mezani, inayolala kwa kadiri unayotaka wewe na si kwa ngazi alizopenda aliyeitengeneza, isiyocheza ukiikandamiza, isiyoteleza, na unayoweza kuibadilisha kwa mkono mmoja, maana ikiwa kazi kuibadilisha hutaibadilisha. Na hata ukiipata hiyo, inuka utembee. Stendi haitembei kwa niaba yako.

Lakini hilo ndilo jibu dogo. Kubwa ni hili. Kitu kinaweza kutoka katika mkono unaoupenda kuliko yote na bado kikakuumiza. Ukiumia, sema. Heshima si utumwa, mwanangu. Ukimficha mzee maumivu yako kwa kumheshimu, hujamheshimu, umemwacha aendelee kukukosea huku anajisifu. Na ninyi mtakaokuwa wazee kesho, mkiambiwa, pokeeni. Ukubwa jalala, kila taka hutupwa hapo, na jalala halinuni.

Ingawa sitakudanganya. Siku Nusura alipomaliza picha ya mwisho aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Haboba, kama ningekuambia siku ile ya kwanza, ungefurahi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwema mbele yake kwa wiki nyingi.

"Hapana," nikamwambia. "Ningenuna siku tatu nzima, na chakula chako nisingekula."

"Sasa ninyi wazee munataka tuwaambie au tusiwaambie?"

"Mutuambie. Sisi tutanuna, na mukono yako itakuwa nzima."

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na bega lililotulia, akupe kazi yenye jina lako ndani. Akujaalie mzee wa kumwambia ukweli, naye akinuna umvumilie. Na akuzeeshe wewe pia hapa Arua, mpaka upate wajukuu wanaokupenda na wasiokuogopa. Amina.